Jumamosi ya bendi ndogo Dar: studio asubuhi, steji usiku

Saa 2 asubuhi, Mwananyamala

Bendi ya muziki wa dansi kama yetu, yenye kikao cha kurekodi asubuhi, inafunga nyuzi mpya za gitaa jana yake jioni. Uzi mpya unaendelea kunyooka kwa saa kadhaa, na ukiufunga studio utashuka katikati ya wimbo, watu wote waanze upya. Ukishaufunga, uvute taratibu kwa vidole, tyuni, uvute tena, mara tatu au nne, mpaka sauti ikae. Seti ya 10 (namba ni unene wa uzi mwembamba kuliko yote, kwa elfu za inchi) inatosha kwa gitaa la solo. Anayepiga ridhimu, gitaa la kusindikiza, kwa mkono mzito atulie na 11, haiyumbi. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, nyuzi zinashika kutu upesi, kwa hiyo kitambaa cha pamba kikae ndani ya mfuko wa gitaa na jasho lifutwe kila ukimaliza kupiga.

Mzigo wa asubuhi ni mwepesi: magitaa matatu, sinea (ngoma ndogo ya dramu), matoazi, pedali ya kiki (ngoma kubwa ya mguu), betri mbili za 9V, na nyaya za jeki, za kuunganisha gitaa na amplifaya, mbili zaidi ya zile zinazohitajika. Waya ndicho kifaa kinachokufa mara nyingi kuliko vyote, na karibu kila mara unakatikia kichwani, pale risasi ya kuchomea inaposhika. Jeki mpya utaipata Kariakoo, na anayejua kuchomea anaibadilisha kwa dakika chache. Bendi bila mtu wa kuchomea itakuwa inanunua nyaya kila mwezi.

Saa 3 asubuhi, studio

Studio nyingi za Dar zimejengwa kwa ajili ya mwimbaji mmoja na biti. Bendi ikiingia, prodyuza atapendekeza kila mtu arekodi peke yake: leo dramu, kesho besi, magitaa baadaye. Tunakataa. Muziki wa dansi unasimama kwa solo na ridhimu kujibizana, besi ikipita katikati yao, na mpiga dramu akimtazama rapa, anayechangamsha wachezaji kwa maneno, ili ajue lini sebene, sehemu ya kasi ya kucheza, inaingia. Ukiwatenganisha, kila mmoja atapiga sawasawa na wimbo utakuwa umekufa. Bendi za zamani zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zikiwa chumba kimoja, zikipiga kwa pamoja, na ukisikiliza nyimbo za enzi hizo za bendi za Msondo na Sikinde unasikia wanavyosubiriana.

Kwa mashine ya kurekodia yenye njia nane, mgawo wetu ni huu: kiki moja, sinea moja, maiki mbili za juu ya dramu, besi, solo, ridhimu, na sauti ya mwongozo. Nane zimekwisha. Tumba, kinanda na sauti zenyewe zinakuja baadaye. Dramu inakaa chumba kikubwa. Amplifaya za magitaa zinaenda stoo au koridoni, zimezungushiwa mablanketi, lakini wapigaji wenyewe wanabaki chumbani na mpiga dramu, wamevaa hedifoni na wanaonana. Besi inaingia moja kwa moja kwenye mashine, bila amplifaya, kupitia kisanduku cha DI. Ikinguruma mfululizo hata mikono ikiwa imetulia, mara nyingi ni mzunguko wa ethi, umeme unaozunguka kwenye waya wa ardhini; kisanduku hicho mara nyingi kina swichi ya kuukata. Pini ya ethi ya plagi isiguswe kamwe, ndiyo inayomlinda mpigaji asipigwe na umeme.

Maiki ya amplifaya, SM57 au ya aina hiyo, inasogezwa sentimita mbili au tatu kutoka kitambaa cha spika, kati ya kitovu na ukingo wa koni. Kitovuni sauti inachoma masikio, ukingoni inafifia. Maiki mbili za juu ya dramu tunazipima kwa waya: shika ncha moja katikati ya sinea, nyosha hadi maiki ya kwanza, bana kwa kidole, kisha ipeleke ya pili umbali uleule. Zikipishana, sinea inafika kwenye maiki hizo kwa nyakati mbili tofauti, na ukizichanganya inapoteza mwili, inabaki kama bati. Hakuna kitufe cha kompyuta kinachorudisha mwili huo kikamilifu, ilhali kupima kunachukua dakika moja.

Rekodi kwa biti 24 (kipimo cha usahihi wa rekodi ya kompyuta), vilele vya sauti vikiishia karibu na desibeli -10. Hakuna faida yoyote ya kugusa taa nyekundu. Bafa, akiba ya sauti ambayo kompyuta inashika kabla ya kuitoa, iwekwe sampuli 64 au 128 wakati wa kurekodi, vinginevyo mpigaji anajisikia kwa kuchelewa na atalaumu mkono wake bure.

Kliki, mlio wa kuhesabia kasi kwenye hedifoni, ndiyo ugomvi mkubwa. Beti zinaweza kwenda mapigo 104 kwa dakika, sebene ikapanda hadi 120, na kupanda huko ndiko kunakowainua watu vitini. Kliki ya kasi moja inaua mwendo huo. Unaweza kupanga kasi ipande ndani ya programu, au ukazima kliki pale dramu inapovunja kuingia sebene na kuwaachia wapigaji. Tunachagua kuzima. Gharama yake ni kwamba huwezi kukata kipande kizuri cha mzunguko mmoja, yaani wimbo uliopigwa mara moja, ukakipachika kwa mwingine, kwa hiyo piga yote mara tatu au nne nzima, kisha uchague moja.

Kati ya kila mzunguko, hifadhi. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha, kompyuta ya mezani isiyo na UPS, betri ya akiba, inaondoka na kila kitu.

Saa 6 mchana

Sauti. Mwimbaji asiwe ameshiba, anywe maji yasiyo baridi, na asimame kiganja kimoja na nusu kutoka kwenye maiki ya kondensa. Waitikiaji watatu waimbe pamoja mbele ya maiki moja, kisha warudie. Mara mbili hizo zinawekwa moja kushoto na nyingine kulia, na kiitikio kinajaa.

Kabla ya kutoka, mafaili yote ya WAV yanakopiwa kwenye diski mbili za bendi, zinazobebwa na watu wawili tofauti. Kompyuta ya studio si yenu. Na karatasi moja iandikwe hapohapo: nani katunga maneno, nani katunga muziki, asilimia ngapi kwa nani, wote watie saini. Mtakapokwenda kusajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, swali hilo litakuwa limeshajibiwa watu wakiwa bado marafiki.

Saa 10 jioni, kirikuu (gari dogo la mizigo)

Spika kubwa zinaingia kwanza, nyuso zikitazamana ili koni zisitobolewe na stendi. Kisha amplifaya, dramu, tumba. Mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, inapakatwa mbele.

Saa 11 jioni, baa ya Sinza

Kabla ya kushusha chochote, uliza umeme. Mafriji ya baa na mitambo ya muziki visiwe kwenye laini moja: friji likiwaka, umeme unashuka na spika zinapiga kishindo. Jenereta ya kVA 5 inabeba mitambo ya ukumbi mdogo, mradi jiko la chipsi la umeme lisichomekwe humo. Kuwasha ni mikisa kwanza, amplifaya za spika mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Anayekosea mpangilio huo anaunguza spika kidogokidogo.

Spika kuu zikae mbele ya maiki zote, hata kama mwenye baa anataka ziegemee ukuta wa nyuma. Kisha ondoa miluzi, ile inayotokea maiki ikisikia spika zake: fungua maiki ya mwimbaji, pandisha polepole hadi ianze kulia, tafuta kwenye ikwalaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha masafa ya sauti, ni masafa gani yanayolia, shusha desibeli tatu, pandisha tena. Mara tatu au nne inatosha. Ukiendelea kukata, sauti inakuwa kama inatoka ndani ya pipa. Magitaa na sauti tunayakata chini ya hezi 100, pale chini ni pa besi na kiki.

Kujaribu sauti kunaanzia kwenye kiki na kuishia kwa waimbaji, na maombi ya monita, spika zinazowaelekea wapigaji, yanakwenda kwa fundi mitambo mmoja mmoja: "Fundi, nipunguzie besi kwenye monita, niongezee solo." Wote wakisema kwa pamoja, anaishia kupandisha kila kitu.

Saa 3 usiku

Zilipendwa kwanza, watu wakiwa bado wanaagiza. Nyimbo zetu zinaingia kuanzia saa 4, ukumbi ukishajaa. Wimbo wa asubuhi unapigwa pia, na hapa sebene haina mwisho uliopangwa: studio ilikuwa dakika mbili, hapa inakwenda mpaka kiongozi ainue mkono. Fedha za kutuzwa zinaingia kwenye sanduku moja, aliyetuzwa awe mwimbaji au mpasua tumba.

Saa 7 usiku

Tunazima. Mamlaka ya mazingira inasimamia kanuni za kelele, na majirani wakilalamika baa inaweza kufungiwa.

Hesabu inafanywa mezani, mbele ya wote. Mfano: watu 120 kwa kiingilio cha 5,000 ni 600,000. Toa kirikuu 60,000, mafuta ya jenereta 40,000, fundi mitambo 50,000, inabaki 450,000. Asilimia 10 ni ya matengenezo, 45,000, haiguswi kwa sababu yoyote. Inabaki 405,000, wanabendi tisa wanapata 45,000 kila mmoja, na tuzo zinagawanywa vilevile. Kiongozi hapati zaidi kwa kuwa ni kiongozi.

Nyaya zinaviringishwa kwa mviringo mpana, hazizungushwi kwenye kiwiko, maana nyuzi za ndani zinajipinda na kukatika. Waya uliokwaruza usiku huu unafungwa utepe mwekundu kichwani na kuwekwa kando, uchomewe Jumatatu kabla ya mazoezi.