Namba ya Mwanachama Inapobadilika

Chama cha akiba na mikopo ninachokitunzia hifadhidata kiliamua, baada ya kufungua tawi la pili, kwamba namba za wanachama zianze na herufi ya tawi, hivyo aliyekuwa 0104 awe A-0104. Kikaoni jambo hilo lilipita bila mjadala. Kwangu lilikuwa zito, kwa sababu aliyesanifu majedwali hayo (naye ni mimi) aliifanya namba hiyo kuwa ufunguo wa msingi (thamani inayotambulisha kila safu) wa jedwali la wanachama, na majedwali ya akiba, mikopo na wadhamini yote yanaibeba.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata ninayoitumia, kwa mipangilio yake ya kawaida hukataa kubadilisha ufunguo unaorejelewa kwingine, na ukianzia upande wa akiba hukataa vilevile, kwa kuwa namba mpya bado haimo kwenye jedwali la wanachama. Nilichofanya ni kuondoa vizuizi vya ufunguo wa nje (kanuni zinazodai kila namba inayorejelewa iwepo kwenye jedwali la wanachama) na kuviunda upya kwa kifungu cha ON UPDATE CASCADE, ambacho huwezesha amri moja ya UPDATE kwa wanachama kuteremsha badiliko hadi kwenye majedwali tegemezi ndani ya muamala mmoja, na hatua yoyote ikikwama, yote hurudi yalivyokuwa. Wanaotumia Oracle, programu nyingine ya hifadhidata, hawana kifungu hiki, nami nawaonea huruma.

Jaribio la kwanza, juu ya nakala, lilikwenda polepole mno. PostgreSQL huunda faharasa (orodha ya kutafutia haraka) ya ufunguo wa msingi yenyewe, lakini haiundi ya safuwima inayourejelea; kwa hiyo kila mwanachama aliyebadilishwa namba alisababisha jedwali zima la akiba lipekuliwe upya. Faharasa moja ilimaliza tatizo.

Kilichonitia aibu ni jedwali la wadhamini. Namba zilikuwamo, ila kizuizi sikuwahi kukitangaza, kwa hiyo badiliko halikulifikia na hakuna kosa lolote lililoripotiwa: mikopo ilibaki na wadhamini ambao, kwa hesabu ya mfumo, hawapo. Niligundua kwa LEFT JOIN tu, yaani ulizo linaloonyesha hata safu zisizo na mwenza kwenye jedwali jingine, kabla sijagusa data halisi.

Sasa ufunguo wa msingi ni namba ya ndani isiyo na maana yoyote kwa mtu, na namba ya mwanachama ni safuwima ya kawaida yenye sharti la kutojirudia. Kando yake nimeacha ile ya zamani, kwa kuwa wanachama bado wanafika dirishani na vitabu vilivyoandikwa 0104.