Épernay: mita 33 chini ya mtaa wa shampeni

Treni ya kutoka Gare de l'Est, Paris, hufika Épernay, mji wa eneo la Champagne nchini Ufaransa, baada ya saa moja na robo hivi. Kutoka stesheni tulikwenda kwa miguu hadi Pol Roger, nyumba ya kutengeneza shampeni iliyoanzishwa mwaka 1849 na ambayo ukoo wa mwanzilishi bado unaimiliki. Watalii wa kupita njia hawapokelewi; huingia wenye miadi.

Juu hakuna mengi. Kazi iko chini, kwenye mahandaki yaliyochimbwa ndani ya mwamba wa chaki hadi kina cha mita 33. Humo baridi ni nyuzi 9 hivi mwaka mzima, kwa hiyo vaa koti hata kama ni Agosti.

Shampeni yao ya mavuno ya mwaka mmoja, isiyochanganywa na mvinyo wa mavuno mengine, hutengenezwa miaka mizuri tu: asilimia 60 zabibu nyeusi za Pinot Noir, 40 zabibu nyeupe za Chardonnay. Kilo 4,000 za zabibu hutoa lita 2,050 za maji bora ya kwanza. Lita 500 zinazofuata ni hafifu. Mvinyo ukishakuwa tayari hutiwa chupani na hamira pamoja na sukari, gramu 24 hivi kwa lita. Hamira hula sukari na kutoa gesi; gesi hukosa pa kutokea, shinikizo likafika baa 6, yaani kama mara sita ya shinikizo la hewa ya kawaida. Sukari ikizidi, chupa hupasuka. Baridi huichelewesha hamira, na kwa maoni yangu ndiyo inayolainisha povu kuliko jambo jingine lolote. Sheria hudai shampeni ya namna hii ingoje miaka mitatu kabla ya kuuzwa. Wao hungoja zaidi.

Kisha mashapo, yaani masalia ya hamira, yashushwe shingoni mwa chupa. Nyumba nyingi zimeiachia mashine kazi hii. Hapa bado ni mikono. Chupa hupachikwa kwenye mbao zenye matundu, huzungushwa kidogo kidogo na kuinamishwa kwa wiki kadhaa. Ukiitikisa kwa nguvu, mashapo hutimka na kazi huanza upya.

Mwamba huu nao una hatari yake. Februari 1900, baada ya unyevu mwingi, sehemu ya mahandaki iliporomoka na kufukia chupa milioni 1.5 na mapipa 500. Mwaka 2018 mafundi wa ujenzi walifukua chupa kadhaa ambazo hazijavunjika.

Mwishoni shingo hugandishwa, kizibo hung'olewa, na barafu yenye mashapo hurushwa nje na gesi yenyewe. Pengo hujazwa mvinyo wenye sukari. Ili shampeni iitwe brut, yaani isiyo tamu, sukari isifike gramu 12 kwa lita.