Rodi iliyopinda kwenye banda letu

Maonyesho ya nishati yamefungwa jioni hii hapa Mwanza na sauti imenikauka kwa kuongea. Banda letu lilibanwa kati ya wauzaji wa sola, paneli zinang'aa na muziki juu. Sisi wakandarasi wa umeme tulipeleka meza, mita ya kupimia ethi (waya na rodi zinazopeleka ardhini umeme unaovuja), breka chache na rodi ya shaba iliyopinda.

Rodi hiyo imetoka Bugarika, mlimani. Vijana wangu walikuwa wakiigongea ardhini, ikashuka kidogo, ikakutana na jiwe na kujikunja kama ndoana. Kila fundi wa Mwanza anaijua habari hii. Mji umekaa juu ya granaiti, na kuna viwanja ambavyo udongo wake haufiki hata magotini. Wengi huikata sehemu iliyobaki juu, wakafunga waya, wakafukia, wakadai malipo. Taa zinawaka, mwenye nyumba anafurahi, na hakuna anayejua lolote mpaka siku friji ivujishe umeme.

Nilitaka jambo hilo lionekane. Mabango yalisimulia Bwawa la Julius Nyerere, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, nami najivunia kazi ile kwa moyo wote. Lakini umeme ukishafika Igogo au Mabatini, uhai wa mtu unabaki mikononi mwa mkandarasi na fundi wake, kwenye shimo ambalo likishafukiwa hakuna anayelikagua tena.

Jana alikuja mama muuza samaki, mafriza yake yako Kirumba, jirani na Mwaloni. Kijana wangu akamwamkia, akaitikia marahaba, wala hakuuliza bei ya kitu. Aliishika ile rodi, akaigeuzageuza.

"Mwanangu, friza langu linanipiga shoti nikilishika na mikono ya maji. Fundi ananiambia nivae ndala."

Nikamvutia kiti. Nilimwandikia hesabu nyuma ya kipeperushi: ethi ikiwa na ukinzani wa omu 100, volti 230 zikivujia kwenye bodi ya chuma ya friza, umeme unaopita kwenda ardhini hauzidi ampia 2.3. Breka ya ampia 20 haikati kwa kiasi hicho. Itaendelea kubeba, na bodi itabaki na umeme ikimngoja mwenye mikono mibichi. Na sakafu ya muuza samaki inakauka lini? Nikamwonyesha breka inayohisi umeme unaovuja, ya mililiampia 30, nikabonyeza kitufe chake cha majaribio. Ta! Ikakata. Akaomba abonyeze mwenyewe, akabonyeza tena na tena, uso umekunjuka.

Halafu akauliza swali ambalo hata baadhi ya wahandisi waliopita hawakuliuliza: "Na kama chini ni jiwe tupu?"

Jiwe likikuzuia kwenda chini, unakwenda kando. Unachimba mtaro, unalaza utepe wa shaba, unaunganisha na rodi fupi kadhaa zilizoachana, unajazia udongo wa mfinyanzi unaoshika unyevu, kisha unapima. Kupima ndiko kunakorukwa. Mimi hupenda kurudi kupima mwishoni mwa kiangazi ardhi ikiwa imekauka, kwa sababu namba ya masika hupendeza kuliko hali halisi. Na ile breka nzuri nayo haichukui nafasi ya ethi. Ni kifaa, huweza kufa kimyakimya, ndiyo maana kitufe chake kinatakiwa kibonyezwe mara kwa mara.

Mwenzangu mmoja wa siku nyingi alipita akasema banda letu halina mvuto, tungeweka hata televisheni. Sikubaliani naye. Wanafunzi wa ufundi walikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine, wakigombania ile mita. Mikataba mipya tuliyoondoka nayo ni michache, na hilo halinisumbui sana.

Jumatatu tunakwenda Kirumba. Nimemwomba mama amwite fundi wake awepo. Sina nia ya kumnyang'anya mteja; nataka ashike mita kwa mkono wake, asome namba iliyopo, tuchimbe pamoja, asome tena. Mita hiyo nitamwachia wiki nzima, maana ana nyumba nyingine nyingi alizofunga umeme huko mlimani.