Nilivyochimba fanya juu kwenye mteremko wa asilimia 12

Fanya juu ni mtaro unaochimbwa kukingama mteremko, udongo wake ukirushwa upande wa juu uwe tuta la kuzuia maji. Tuta hilo huvunjika pale lilipo chini kuliko kwingine. Maji yakijaa nyuma yake hukimbilia hapo, hata pakiwa pamezidiwa sentimita 5 tu, na yakishaanza kupita hukata udongo mpaka mtaro mzima umemwagika kwa mlango mmoja. Ndiyo maana katika shamba hili la Makueni kazi niliyoifanyia haraka ndogo kuliko zote ilikuwa ya kupima.

Nilitumia kamba ya nailoni ya mita 10, fito mbili zilizotiwa alama kwenye kimo cha sentimita 150, na pimamaji ndogo ya kutundika, yenye kiputo cha hewa. Pimamaji hiyo lazima ining'inie katikati kabisa, mita 5 kutoka kila fito. Ikisogea upande, kamba hulegea visivyo sawa na kipimo kinakuwa cha uongo. Kabla ya kuanza, igeuze kichwa kwa mkia na upime tena palepale. Ikitoa jibu jingine, haifai. Pima asubuhi, upepo haujaamka.

Mteremko hupimwa hivi: fito moja inasimama juu na nyingine chini, kamba imevutwa ikakaza, kisha aliye juu anaishusha kamba kwenye fito yake mpaka kiputo kikae katikati. Kwangu ilishuka kutoka 150 hadi 30, yaani sentimita 120 katika mita 10: asilimia 12. Kupata nafasi kati ya tuta na tuta, gawa asilimia kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Jibu langu lilikuwa mita 1.5 za kushuka, ambazo kwenye mteremko huu ni mita 12.5 za kwenda mbele. Asilimia 20 ingeleta mita 10.5 za kwenda mbele.

Baada ya hapo kamba inahama upande kwa upande, ikiwa kwenye alama ileile katika fito zote mbili, na kila kiputo kinapotulia unapiga kigingi. Mstari utatoka umepindapinda na utatamani kuunyoosha. Nyoosha kidogo tu. Kwenye mteremko wa asilimia 12, kusogeza kigingi mita 1 chini ni kushusha tuta sentimita 12, na hapo ndipo litakapokatika. Huku Ukambani mvua haitoshi, kwa hiyo mitaro yangu haina mwinamo wowote na ncha zake zimezibwa ili maji yazame yote. Kwenye mvua nyingi mtaro hupewa mwinamo mdogo kuelekea njia ya maji yenye nyasi, la sivyo utafurika.

Anza juu ya shamba, ushuke. Anayeanza na mtaro wa chini anaukabidhi maji ya mlima mzima peke yake. Na kama juu yako kuna barabara au malisho, wa kwanza kabisa uwe mtaro wa kukinga maji yatokayo huko, mpana kuliko mingine.

Mtaro ni futi 2 upana na futi 2 kina, sentimita 60 kwa 60. Udongo unarushwa upande wa juu, na kati ya mtaro na tuta nikaacha ukingo wa sentimita 30 usioguswa. Wengi huuruka ukingo huu kwa sababu kurusha udongo mbali kunachosha mgongo, lakini usipokuwepo, mvua ya kwanza inaurudisha udongo mtaroni. Katika udongo mwekundu uliokauka, mtu mmoja alimaliza mita 3 au 4 kwa siku. Kila baada ya mita 6 hivi niliacha kizibo cha ardhi isiyochimbwa ndani ya mtaro, kifupi kuliko kina chake, ili maji yasikusanyike yote upande mmoja wenye sakafu ya chini.

Udongo uliorushwa umejaa hewa. Tuta la sentimita 60 litakaa likabaki 50 au pungufu, na halikai sawa kila mahali. Kwa hiyo lishindilie kwa tabaka, kisha rudisha kamba juu ya mgongo wa tuta na ujaze kila penye bonde. Baada ya mvua kubwa ya kwanza ya vuli nilipita tena, nikitazama alama ya maji: iliposogea karibu na mgongo ndipo palipohitaji udongo zaidi.

Juu ya tuta nilipanda nyasi za makarikari, vipando kwa nafasi ya sentimita 30, mistari miwili inayopishana, mvua ilipoanza tu. Nyasi ya nepia hutoa chakula kingi cha ng'ombe, lakini kwenye ukame hunyang'anya maji mistari ya mahindi iliyo karibu. Mimi naiweka penye unyevu tu. Ndani ya mtaro, ndizi na mapapai hukubali vizuri.

Utaona mahindi yaliyo chini tu ya mtaro yana rangi ya manjano. Udongo wa juu wa sehemu hiyo husogea mwaka baada ya mwaka kulifuata tuta linalofuata, na kinachobaki ni wa chini usio na rutuba. Samadi ipelekwe hapo kwanza, badala ya kuitawanya sawasawa shamba zima.

Kila kiangazi tope lililoingia mtaroni hurushwa tena juu ya tuta, na ndivyo linavyopanda huku ardhi ya nyuma yake ikisawazika. Wakati huohuo tafuta matundu ya fuko. Kuziba mdomo wa tundu hakusaidii, maana maji hupenya katikati na kulitoboa tuta kwa ndani. Fukua njia yote mpaka mwisho wake, jaza udongo wenye unyevu, shindilia, kisha upime mgongo tena kwa kamba.