Sondi ya bahari ndani ya Ziwa Kivu: namba za kusahihisha kabla ya kuchora mchoro wowote

Sondi ya kupima joto, kina na upitishaji umeme wa maji ilibuniwa kwa ajili ya bahari. Ukiishusha Ziwa Kivu itafanya kazi, itatoa namba zenye tarakimu tatu baada ya nukta, na baadhi ya namba hizo hazitakuwa kweli. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bukavu au Goma afundishwe swali moja kabla ya kugusa kitufe chochote: namba hii imehesabiwa kwa kanuni gani, na kanuni hiyo ilitungwa kwa maji ya wapi?

Tuanze na kina. Uso wa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina shinikizo la hektopaskali kama 850, wakati pwani ni 1,013. Programu nyingi huondoa ile 1,013 zenyewe, basi sondi ikiwa bado mkononi ndani ya mtumbwi huandika takriban mita 1.6 chini ya sifuri, na vina vyote vitakavyofuata vitapungua kwa kiasi hicho hicho. Iache kivulini dakika tano, soma thamani yake hewani, iandike kwenye daftari, kisha ondoa tofauti hiyo. Rudia ikitoka majini. Kwenye bonde la kaskazini lenye mita 485 kosa hilo laweza kupita bila kuonekana. Kwenye ghuba ya Kabuno, ambako oksijeni huisha kwenye mita kumi na kitu tu, linaharibu kazi nzima. Alama za kamba nazo haziokoi: upepo ukisukuma mtumbwi na kamba ikalala nyuzi 30 kutoka wima, mita 100 za kamba ni mita 87 za kina.

Oksijeni ina kasoro ya aina hiyo hiyo. Maji ya nyuzi 24 yaliyoshiba hewa pwani hubeba takriban miligramu 8.4 kwa lita. Kwa shinikizo la hapa hubeba 7.0. Anayesawazisha kihisi bila kuingiza shinikizo la hewa ya siku hiyo ataongeza karibu moja ya tano juu ya kila kipimo. Chagua kihisi cha oksijeni kinachotumia mwanga ukipata nafasi. Kile cha zamani chenye utando na elektrodi ya fedha huharibiwa na haidrojeni salfaidi, na maji ya chini ya Kivu yanayo hiyo gesi. Elektrodi ya pH (kipimo cha asidi) huharibika kwa njia ile ile.

Chumvi ndiyo sehemu inayohitaji muda mrefu zaidi darasani. Sondi haipimi chumvi. Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha kanuni ya bahari ya mwaka 1978 inageuza kipimo hicho kuwa chumvi. Kanuni hiyo inafaa kwa chumvi ya kuanzia 2 hadi 42, takriban gramu kwa kilo ya maji. Maji ya juu ya Kivu yana takriban gramu 1 kwa kilo, kwa hiyo tayari tuko nje ya mipaka. Hata kule chini, ambako chumvi hufika karibu gramu 6, aina ya chumvi ni nyingine. Baharini inatawala kloridi. Hapa inatawala bikaboneti, pamoja na sodiamu na magnesiamu. Ayoni (chembe yenye chaji ya umeme) ya bikaboneti ni nzito kuliko ya kloridi na hupitisha umeme kwa udhaifu zaidi, hivyo kwa umeme ule ule Kivu ina uzito mkubwa wa chumvi kuliko kanuni inavyosema. Hifadhi upitishaji umeme ghafi, ulete kwenye joto la nyuzi 25 (karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi), kisha tumia kanuni iliyotungwa kwa ayoni za Kivu. Safu ya programu iliyoandikwa chumvi isiingie kwenye mchoro wa mwanafunzi.

Hili si jambo la karatasi tu. Kutoka takriban mita 80 kwenda chini, joto la Kivu linapanda, hadi kama nyuzi 26 karibu na sakafu. Mwanafunzi aliyesoma kitabu cha bahari atadhani kihisi kimeharibika. Kinachozuia maji hayo ya moto yasipande ni uzito wa chumvi na wa kaboni dioksidi iliyoyeyuka. Methani kwa upande wake huyapunguzia uzito. Ukihesabu uzito wa maji kwa joto na chumvi peke yake, umeziacha gesi nje, na swali la uimara wa ziwa, yaani kama maji ya chini yatabaki chini pamoja na gesi zake, ndilo swali la wakazi wa Goma na Bukavu wote. Ziwa Nyos la Kamerun lilipotoa gesi yake Agosti 1986, zaidi ya watu 1,700 walikufa, na Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos.

Kushusha kuwe polepole. Maji ya chini yamepangika kwa ngazi nyembamba, mamia yake, nyingi zikiwa na unene wa nusu mita hivi. Sondi inayosoma mara 4 kwa sekunde, ikishuka sentimita 50 kwa sekunde, hupata nukta nne tu ndani ya ngazi. Kwa sentimita 10 hupata ishirini, ila mita 400 zitachukua saa moja na dakika kadhaa, kwa hiyo tokeni asubuhi na mapema kabla upepo haujaanza. Funga uzito wa kilo 5 chini ya sondi kwa kamba dhaifu kuliko ile kuu: ukinasa kwenye wavu wa sambaza (samaki wadogo wa Kivu), uzito ndio ukatike.

Chupa ya kuchotea maji ya kina inadanganya kuhusu gesi. Ikipanda, shinikizo linapungua, mapovu yanatoka na kusukuma kizibo, na kinachobaki ni mabaki. Itumike kwa ayoni. Kwa methani tafuta chombo kinachohimili shinikizo, au kihisi cha gesi kinachopima pale pale chini. Chupa ifunguliwe mahali penye upepo, bila sigara wala mbabula (jiko la makaa) karibu. Ikishafunguliwa, suuza vyuma vyote kwa maji safi siku hiyo hiyo, kagua pete za mpira kama zina unywele au mchanga, na uzipake grisi ya silikoni kidogo tu.