Usiku nilipokaribia kuwasha taa

Hii ilinitokea mwaka wa pili tangu nianze kuchomelea kwa gesi nyumbani, na mpaka leo nikifungua gereji usiku nanusa kwanza ndo naingia.

Jioni ile nilikua naunga fremu ya kitanda cha mama, mabomba membamba, kazi ambayo asetilini, ile gesi inayowaka pamoja na oksijeni, inaifanya vizuri sana maana moto wake unafika nyuzi 3,100 hivi na bado unaweza kuupeleka taratibu kama unaandika. Giza likaingia, nimechoka, nikazima tochi ya kuchomelea kwa zile koki zake mbili ndogo, nikatundika mipira ya gesi ukutani, nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikaenda kuoga. Mtungi wenyewe sikuugusa. Nliona moto umezimika basi nikaona kazi imeisha, wakati gesi ilikua bado imejaa kwenye mpira mzima kutoka kwenye rigyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha pale mtungini, mpaka kwenye tochi, inasukuma.

Saa tano usiku nikakumbuka simu yangu nimeiacha kule. Mdogo wangu akanifuata, alikua na miaka 14 na hakukubali nitoke bila yeye. Nikafungua mlango, mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi, kidole kishafika, ndo nikaskia harufu kama ya kitunguu saumu, nzito, inakaba koo, na kule gizani kitu kinatoa sauti ssssss.

Asetilini ikiwa safi kabisa hata huwezi kuinusa, ule uchafu unaobaki wakati wa kuitengeneza ndo unaoipa harufu ile, na mi nashukuru uchafu huo mpaka kesho. Maana gesi hii haihitaji kujaa sana, ikifika asilimia 2.5 tu ya hewa ya chumba inashika moto, na inaendelea kushika hata ikizidi 80. Cheche ya swichi ingetosha kabisa.

Nikatoa mkono polepole. Nikamwambia mdogo wangu rudi nyuma, usiguse kitu, usikimbie, nenda ukamwamshe mama mtoke nje upande wa pili. Mlango nikauacha wazi. Kilichonitesa ni ile simu yangu mezani, nilikua nawaza mtu akinipigia saa hii itakuaje. Tulipofika mbali nikachukua simu ya mama nikawapigia zimamoto, wakaja, wakafungua dirisha kwa nje, wakasubiri gesi itoke, wakapima na kifaa chao, ndo mmoja akaingia akafunga vali ya mtungi. Zungusha kidogo tu na ile sauti ikakata. Kitu ambacho mimi jioni ningekifanya kwa sekunde mbili.

Asubuhi nikampigia mzee aliyenifundisha kazi. Shikamoo fundi, marahaba, nikamsimulia, akanyamaza muda mrefu halafu akasema nakuja. Alikuja na kopo la maji ya sabuni na brashi. Akafungua asetilini robo mzunguko tu, akapaka sabuni kila maungio, na pale mpira mwekundu unapoingia kwenye rigyuleta povu likaanza kupanda. Mpasuko mdogo kama ukucha, na nlikua nimeupitisha hapo kila siku nikiukunja kwa nguvu ili ukae vizuri ukutani.

"Mwanangu, ukimaliza unafunga wapi?"

Nikamuonyesha tochi.

Alikasirika kweli yule mzee, sijawahi kumuona vile. Akanifanya nirudie mbele yake mara nne: funga mitungi yote miwili kwanza, fungua koki ya tochi mpira mmoja umwage mpaka geji isome sifuri, kisha wa pili, halafu legeza skrubu za rigyuleta. Mara ya tatu nilisahau skrubu akanirudisha mwanzo. Akaona pia glavu zangu zina grisi na ndo hizo hizo nashikia vali ya oksijeni, hapo akazichukua akaondoka nazo kabisa, maana grisi ikikutana na oksijeni ya presha inaweza kujiwasha yenyewe. Na vizuizi vya moto kurudi kwenye mpira sikua navyo hata kimoja, akasema hutachomelea tena mpaka vifungwe, sikubisha.

Siku hiyo hiyo tukaitoa mitungi nje, kwenye kibanda cha wavu kinachopitisha hewa, imesimama, imefungwa minyororo, asetilini upande wake na oksijeni mita 6 kutoka hapo. Ule mpira mwekundu akaukatakata na kisu vipande vifupi vifupi ili nisije nikashawishika kuuziba na utepe.

Kitanda cha mama nilikimalizia wiki mbili baadae. Mdogo wangu ndo alikua ananishikia fremu, na katikati ya kazi akaniuliza, kaka, usingenusa ungewasha?

Nikamwambia ningewasha.

Akaenda kuangalia mtungi, akarudi akashika fremu.