Moa ya Petroli au ya Stima? Hesabu Niliyoifanya kwa Ekari Sita za Malindi

Kiwanja ninachokisimamia, chenye vyumba vya wageni, kiko upande wa Casuarina. Ni ekari sita za nyasi katikati ya minazi, mivinje na vitanda vya maua, na karibu zote ni nyasi za Pemba. Mashine ninayoizungumzia ni moa, yaani mashine ya kukata nyasi, ile ya kazi kubwa unayokalia na kuiendesha kwa mikono miwili ya usukani, yenye sinia ya visu ya inchi 48. Niliweka ya petroli na ya stima yenye betri ya lithiamu kwenye karatasi moja kabla ya kununua, na haya ndiyo yaliyoingia kwenye hesabu.

Wengi huanza na bei ya dukani. Mimi nilianza na wiki nzito kuliko zote za mwaka. Hapa Malindi mvua za mwaka hufika kileleni mwezi Mei, na kuanzia hapo hadi Julai nyasi za Pemba hazishikiki. Jani lake ni pana, shina linatambaa, na chini hujifuma kama godoro. Ukiacha siku kumi, kisu hakikati tena, kinakwangua godoro. Mashine inayopita vizuri mwezi Februari, wakati wa kaskazi, inaweza kulemewa kabisa mwezi Juni.

Hesabu ya muda ni hii. Sinia ya inchi 48 ni mita 1.22. Toa sentimita 10 za kupandiana, inabaki 1.12. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, na ukikubali kwamba kugeuka, kukwepa minazi na kuzunguka maua kunakula asilimia 40 ya muda, unapata kama mita za mraba 5,400 kwa saa, yaani ekari moja na theluthi. Ekari sita ni saa nne na nusu. Kwenye nyasi nzito zenye maji mwendo unashuka hadi kilomita 6, na kazi inakuwa saa sita.

Injini ya silinda mbili ya nguvu za farasi 22 hivi hunywa lita 4 hadi 5 kwa saa kwenye nyasi kavu. Kwa hiyo mkato mmoja ni kama lita 20. Bei ya petroli EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, basi weka ya mwezi wako. Kwa urahisi nilitumia shilingi 180, ikaja 3,600. Moa ya lithiamu kwenye nyasi zile zile huvuta wastani wa kilowati 3, na kwa saa nne na nusu ni yuniti (kilowati-saa) 13.5. Ongeza asilimia 15 zinazopotea kwenye chaja, ni yuniti 15.5. Kwa shilingi 28 kwa yuniti, hazifiki 440. Tofauti ni kama 3,160 kwa mkato. Kwa mikato 40 kwa mwaka inakuwa shilingi 126,000 na ushei, kabla hujahesabu oili, filta na plagi. Chukua tofauti ya bei za mashine mbili ulizoandikiwa na muuzaji, igawe kwa namba hiyo, upate miaka ya kurudisha pesa. Ikizidi sita, mimi singenunua.

Sasa rudi kwenye Juni. Nyasi nzito zilizolowa hupandisha mvuto hadi kilowati 5. Mara saa sita, ni yuniti 30. Betri iliyoandikwa kilowati-saa 18 hupaswi kuikausha. Tumia asilimia 85, yaani kama 15. Kwa hiyo kiwanja kile kile ambacho Februari kilikuwa kazi ya chaji moja na ukibana, Juni ni kazi ya siku mbili. Muuzaji atakuambia mashine yake inakata ekari kadhaa kwa chaji. Muulize ni nyasi gani, urefu gani, na zilikuwa kavu au zimelowa.

Usidanganyike pia na zile za betri za maji zinazouzwa bei nafuu. Betri ya volti 48 na ampia-saa 100 ni kilowati-saa 4.8, na ya risasi ukiishusha chini ya nusu unaiua. Umebaki na 2.4. Kwa mvuto wa kilowati 3 hiyo haimalizi saa moja. Inafaa ua wa nyumba.

Lililogeuza uamuzi wangu lilikuwa kalenda ya wageni. Mei na Juni ndio msimu mdogo Malindi, hoteli nyingi hufunga hata milango. Ina maana wakati nyasi ni nzito, hakuna mgeni wa kusumbuliwa na kelele. Wageni wanapojaa, Desemba hadi Machi, nyasi ni nyepesi na kinachotakiwa ni kimya. Moa ya petroli huwezi kuiwasha chini ya madirisha ya vyumba saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ya stima unaweza, maana kinachosikika ni visu tu. Ukianza mapema, mwendeshaji amemaliza kabla jua halijakaza. Basi nikanunua ya lithiamu kwa kazi ya kila wiki, na ile kuukuu ya petroli sikuiuza. Inafanya Mei, Juni na sehemu ya Julai, na pembe za nyuma zenye magugu.

Hatari ya kuwa nazo mbili ni petroli kulala. Kwa joto letu, petroli iliyokaa kwenye kabureta miezi miwili huacha utomvu unaoziba tundu dogo la kupitisha mafuta, na mashine haitawaka mvua zikianza. Mkato wa mwisho wa msimu ukiisha, funga bomba la tangi, iache injini iungurume mpaka izime yenyewe, kisha fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta umwage mabaki. Ninabadilisha oili kila saa 100 na filta yake kila saa 200. Plagi naisafisha saa hizo hizo 100 na pengo naliweka milimita 0.75, lakini soma kitabu cha injini yako. Filta ya hewa usingoje saa zilizoandikwa, maana mchanga wetu ni laini na unapenya. Ifungue kila wiki.

Ya lithiamu haina hayo, ila ina yake. Kwanza, mahali pa kuchajia. Usichajie chini ya makuti, hata kama banda liko karibu na soketi. Iweke kwenye stoo ya matofali na bati, yenye hewa. (Mtungi wa petroli nao haufai chini ya makuti, na huo watu wanauweka kila siku.) Pili, waya. Soketi ya kawaida ya ampia 13 inatoa kilowati 3 hivi, na chaja itaikamata kwa kiwango hicho saa tano, sita mfululizo. Waya wa kurefusha uliobaki umezungushwa kwenye gurudumu lake hupata moto hadi plastiki inayeyuka. Mwite fundi avute laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, na akague arthi, yaani waya unaoingia ardhini. Mchanga mkavu wenye matumbawe haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo fupi ya arthi haitoshi. Tatu, stima ikikatika na kurudi huja na msukosuko. Weka kinga inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kwenye chaja. Na ukijikuta unawasha jenereta ili uchaji moa, ujue umerudi kwenye petroli kwa njia ndefu. Mwenye paneli za sola achaji mchana: kilowati 5 za paneli kwa jua la pwani zinaweza kutoa yuniti 20 kwa siku, mkato mzima na chenji.

Betri ya lithiamu ya kazi hizi haichakai haraka kwa kuchajiwa, maana mara 40 au 60 kwa mwaka ni kidogo. Inachakazwa na joto na kukaa imejaa. Ikitoka juani iache ipoe kabla ya kuchomeka chaja, na ikilala miezi ya mvua iache nusu.

Chumvi haibagui. Kila baada ya mkato futa sinia kwa kitambaa chenye maji matamu, usipige ya stima kwa pampu ya presha, na kila mwezi fungua viungio uangalie kutu ya kijani. Pakaa girisi ya umeme.

Visu nanoa kila saa 8 hadi 10, kwa sababu ya mchanga. Kikining'inizwa kwenye msumari kikalala upande mmoja, upande huo upunguzwe, la sivyo kitatikisa beringi mpaka zife. Kwenye ya stima, kisu butu kinakula chaji kabla hujakiona kwenye nyasi. Pia mtu apite mbele kuokota pongoo za makuti na vidaka. Upongoo ukinaswa kwenye ya petroli unakata belti, na belti utaipata mjini. Kwenye ya stima mota ya kisu hujizima kujilinda. Ukilazimisha mara kwa mara, kinachoungua ni kidhibiti chake, na hicho huagizwa nje. Fundi wa tuktuk atakufungulia kabureta siku hiyo hiyo, kidhibiti hatakigusa.

Kabla ya kulipa, geuza chaja usome kibandiko chake. Mashine zinazotoka Marekani nyingine huja na chaja ya volti 120 pekee, na soketi zetu ni 240. Unataka paandikwe 100 hadi 240, na 50/60 Hz.